Malaika walioanguka wanaweza kusamehewa? Majibu manne, na lipi la kushika

Pepo (kwa Wakristo wengi ndio hao malaika walioanguka) waliokuwa ndani ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi walipata nafasi ambayo wengi wetu tungeitamani: walisimama mbele ya Yesu, akawauliza jina, wakajibu, kisha wakaomba. Soma Luka 8 uone walichoomba. Waliomba wasiamriwe kwenda shimoni, na waliomba waingie nguruwe. Msamaha hawakuutaja, ingawa walijua vizuri wanaongea na nani, kwa maana walishamwita Mwana wa Mungu Aliye Juu kwa sauti kuu.

Naanzia kwa nguruwe kwa sababu swali hili hunifikia kila mwaka nikifundisha kipaimara, na huja likiwa na sura ya kesi. Petro alimkana Bwana mara tatu akarudishwa. Lusifa aliasi mara moja, na hana rufaa. Hesabu haikai sawa, anasema kijana, na wenzake wanaitikia kwa vichwa. Nyumbani nako sijapumzika: mama mkwe wangu ni Msabato wa Upareni, shemeji yangu ni mlokole asiyekubali neno lisilo na sura na mstari, na mimi ni Mkatoliki. Wote watatu tunasema hapana. Tukiulizwa kwa nini, tunaachana njia.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua jibu, usihangaike sana na ndiyo au hapana. Angalia kila upande unasema nini kimeifunga njia: wao wenyewe, Mungu, muda, au pengine haijafungwa bado. Nimeyapanga hivyo, wala si kwa madhehebu, maana katika kila dhehebu utakuta watu wanaochanganya.

Hapana, kwa kuwa hawawezi kutubu

Hili ndilo fundisho la Kanisa Katoliki, na kwa sehemu kubwa la Waorthodoksi. Yohane wa Damasko, mmonaki wa karne ya 8, aliliweka kwa ufupi: baada ya anguko hakuna toba kwa malaika, kama vile hakuna toba kwa wanadamu baada ya kifo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inayarudia maneno yake namba 393, lakini kabla yake inasema jambo ambalo wasomaji wengi huliruka: dhambi ya malaika haisameheki kwa sababu uchaguzi wao haugeuki, na si kwa sababu huruma ya Mungu imepungua mahali.

Kwa nini usigeuke? Hapa wa kusikilizwa ni Tomaso wa Akwino (1225–1274), mwanateolojia Mkatoliki, na nathubutu kusema Kiswahili kinamweleza vizuri kuliko Kilatini alichoandikia. Tazama mtu anavyotubu. Alitenda kosa akiwa na hasira, au amelewa, au rafiki zake wakimpigia makofi, au akijua nusu ya habari. Kesho yake hasira imeshuka, pombe imetoka, nusu ya pili ya habari imefika. Ndipo anasema: laiti ningalijua. Tunasema majuto ni mjukuu kwa sababu huja nyuma, jambo likiwa limekwisha kutendeka. Toba yetu yote imesimama juu ya huo unyuma.

Malaika, kwa Tomaso, hana mwili wa kuchoka wala wa kulewa. Akili yake haitembei hatua kwa hatua kama yetu, kutoka jambo hili kwenda lile. Huliona jambo lote kwa mara moja, mzizi na tunda. Akichagua, anachagua kwa nafsi nzima, bila kubakiza kipande kitakachokuja kubishana naye asubuhi. Malaika hana laiti ningalijua. Ndiyo maana Yakobo 2:19 inatisha: "Mashetani nao waamini na kutetemeka." Wanaamini, wanatetemeka, na hapo hapo wanabaki.

Uzuri wa jibu hili ni kwamba Mungu anabaki na huruma yake yote. Hamfukuzi mtu anayebisha hodi, kwa kuwa hakuna anayebisha. Pia linaeleza ile habari ya nguruwe, ambayo majibu mengine huipita kimya kimya.

Ugumu wake upo, na shemeji yangu huuona haraka. Hakuna mstari unaosema malaika hawezi kutubu. Petro wa Pili 2:4 inasema Mungu "hakuwaachilia malaika waliokosa, bali aliwatupa shimoni, akawatia katika vifungo vya giza". Yuda 6 inasema karibu vilevile. Mistari hiyo inaeleza walivyofanyiwa, haielezi kama walitamani kurudi. Habari za akili ya malaika ni falsafa. Ni falsafa nzuri sana, lakini usiisome kana kwamba ni Waraka kwa Waebrania. Halafu kuna swali la mwanafunzi mjanja: kama aliona yote, alikoseaje? Tomaso anajibu kwamba Shetani hakukosa kwa kutojua, alikosa kwa kuutaka wema wake kwa uwezo wake mwenyewe bila kuupokea kwa Mungu. Mimi jibu hilo hunitosha nusu.

Jirani yako Mwislamu akiingia kwenye maongezi, na Pwani ataingia tu, kumbuka kwamba jina ni moja, Ibilisi, ila habari ni mbili. Kwa Qurani (18:50) Ibilisi alikuwa miongoni mwa majini, na malaika hawamwasi Mungu, kwa hiyo swali la malaika walioanguka kwake halina pa kusimama. Lakini huko nako Ibilisi anaomba, na anachoomba ni muda mpaka siku ya kufufuliwa. Huko nako haombi msamaha. Linganisha na nguruwe.

Hapana, kwa kuwa hawakuwekewa njia

Jibu la pili linasema: tuseme wangetaka kurudi. Nani angewalipia? Anselmi, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu, na mwishoni akaligusa jambo la malaika. Hoja yake mtu wa kijijini ataielewa kabla ya profesa. Kijana wa ukoo fulani akiharibu, ukoo hukaa, wakachanga ng'ombe, deni likalipwa, kwa sababu damu ni moja. Sisi wanadamu tunatoka kwa mmoja, na mmoja wetu akilipa, malipo yanatufikia. Malaika hawazaani. Kila mmoja aliumbwa peke yake, hana baba mdogo wala binamu. Hata Mungu angetwaa umbo la malaika mmoja, wale wengine wasingekuwa ndugu zake. Anselmi anaongeza kwamba wao walianguka bila kushawishiwa na yeyote, basi ingewapasa wainuke bila kusaidiwa na yeyote, nao hawawezi.

Waprotestanti wenye mapokeo ya Kalvini hufika hapo hapo kwa njia fupi zaidi. Timotheo wa Kwanza 5:21 inataja "malaika wateule". Kama wapo walioteuliwa wapo ambao hawakuteuliwa, na msamaha ni neema, hakuna anayeudai kama mshahara. Mstari wao mkubwa ni Waebrania 2:16. Hapa fungua Biblia zaidi ya moja. Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo ndiyo wengi tumekulia, inasema "hatwai asili ya malaika, ila atwaa asili ya mzao wa Ibrahimu", na ukiisoma hivyo Anselmi anaonekana kama alikuwa na nakala mezani. Habari Njema inaelekea kwenye kusaidia: hakuja kuwasaidia malaika. Kitenzi cha Kigiriki kinamaanisha kushika, kama unavyomshika mkono mtu anayezama. Kwa tafsiri zote mbili malaika hawamo, lakini hoja ya asili na ukoo inapata nguvu zaidi kwenye ile ya zamani.

Ushahidi mzito kuliko wote wa upande huu haumo katika Biblia ya wengi wetu. Umo katika ya Waethiopia. Kanisa la Tewahedo linakihesabu Kitabu cha Henoko kuwa Maandiko, na ndani yake malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni, wanaoa binti za watu, wanafundisha silaha na uchawi, kisha hukumu inatangazwa. Ndipo linapotokea jambo ambalo Injili hazina: wanaomba msamaha. Wanatetemeka, hawathubutu kuinua macho mbinguni kwa aibu, wanamsihi Henoko awaandikie ombi la msamaha alipeleke kwa Bwana. Henoko, mwanadamu, anakaa kando ya maji ya Dani akilisoma ombi lao mpaka usingizi unamchukua. Jibu analorudi nalo ni kali: ninyi ndio mlipaswa kuwaombea wanadamu, si wanadamu kuwaombea ninyi. Na la mwisho kabisa: hamna amani.

Ukikishika kitabu hicho, jibu la kwanza linayumba. Hawa wanaonekana wanaweza kuomba, na wanaomba kwa uchungu, kwa ajili yao wenyewe na ya watoto wao. Utasema waliogopa adhabu tu na hawakutubu kwa kweli. Pengine. Lakini ni wanadamu wangapi walianza toba yao kwa woga wa adhabu na bado wakapokelewa?

Hapo ndipo bei ya jibu la pili inapoonekana. Unapata Maandiko yaliyo wazi zaidi, unapata neema iliyo neema kweli. Unalipa kwa kumwacha Mungu ambaye angeweza kunyoosha mkono na hakunyoosha. Wapo wanaoweza kuishi na hilo kwa unyenyekevu. Mimi hulala vibaya nikilifikiria.

Hapana, na mwishowe hawatakuwapo

Hili nitalisema kwa kifupi, ingawa kwa Wasabato, ambao wamekuwapo Upareni tangu 1903, si jambo dogo. Kwao ziwa la moto haliwi jela ya milele. Baada ya ile miaka elfu ya Ufunuo 20, Shetani na malaika zake na waovu wote watateketea na kwisha. Mama mkwe hutumia Malaki 4:1, "haitawaachia shina wala tawi": shina ni Shetani, matawi ni waliomfuata. Ufunuo 20:10, wenye "mchana na usiku hata milele na milele", humpa kazi, naye huifanya kwa kuelekeza kwenye Ezekieli 28, anayefanywa majivu juu ya nchi.

Kitu ambacho watu wa nje hawakijui ni kwamba Ellen White, mwanzilishi mwenzao, aliandika kuwa kabla ya kufukuzwa mbinguni Lusifa alipewa msamaha tena na tena, kwa sharti atubu na kutii, akakataa. Hapa hadithi inabadilika kabisa. Msamaha ulikuwapo, mezani, na muda wake ukapita. Kwa anayesumbuliwa na ile hesabu ya Petro na Lusifa, hili ni jibu lenye kuridhisha kuliko yote: aliasi mara nyingi, akasubiriwa mara nyingi. Shida ni kwamba msingi wake ni maandishi ya White, na asiyemkubali White anabaki na hadithi nzuri isiyo na mstari.

Huenda ndiyo

Sasa wale wachache. Mara nyingi hutajwa kwa jina moja, Origene wa Aleksandria, aliyezaliwa mnamo 185 na kufa mnamo 254, naye hutajwa vibaya. Alipoeleza maana ya adui wa mwisho kubatilishwa, katika Wakorintho wa Kwanza 15, alisema kitakachoangamizwa ni nia ya uadui, wala si kiumbe kilichoumbwa na Mungu. Mwisho wa mambo yote katika sura hiyo ni Mungu kuwa "yote katika wote", na Origene alilichukua neno "yote" kwa uzito. Alibishana na mtu aitwaye Kandido, mfuasi wa Valentino (mwalimu ambaye Kanisa lilimhesabu mzushi), aliyedai Ibilisi ni mbaya kwa asili na hawezi kuokoka. Origene alikataa: alianguka kwa hiari, si kwa asili. Mahasimu wake wakatangaza kwamba amesema Ibilisi ataokoka. Yeye akaandika barua akilalamika kwamba hata mwendawazimu asingesema hivyo. Tangu hapo hajulikani vizuri alikuwa upande gani, lakini jina limemkaa.

Kanisa halikumwonea haya. Kaisari Justiniani mwaka 543 alitoa amri iliyomlaani anayesema adhabu ya mashetani na waovu itakwisha siku moja na watarejeshwa, na Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 553 ukamworodhesha Origene kati ya wazushi. Huo ndio ukweli ambao anayetaka kuchagua jibu hili hana budi kuubeba. Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini, naye alikuwa ameshalishughulikia zaidi ya karne nzima kabla, kwa hoja ya kichungaji kuliko ya kisomi: Kanisa huwaombea maadui zake kwa sababu bado wana muda wa kutubu, lakini halimwombei Ibilisi wala malaika zake. Kama ingewezekana, mbona hatuna sala hiyo?

Lakini kuna Gregori wa Nisa, wa karne ya 4, mtakatifu kwa mashariki na magharibi, ambaye hakulaaniwa na mtaguso wowote, naye aliandika kwamba hata yule aliyeanzisha uovu ataponywa. Kwake moto ni wa kusafisha, kama wa mfua dhahabu. Halafu kuna Isaka wa Ninawi, mmonaki wa karne ya 7. Alizaliwa Beth Qatraye, eneo la Qatar ya leo na jirani zake, mahali ambapo kijana wa Mombasa au Tanga anayefanya kazi huko Ghuba hadhani kama paliwahi kuwa na monasteri. Isaka alieleza moyo wenye huruma kuwa ni moyo unaowaka kwa ajili ya viumbe vyote: watu, ndege, wanyama, na mashetani pia, hata machozi yakamtoka mtu akiwakumbuka. Hati ya sehemu ya pili ya maandishi yake ilitambuliwa Oxford mwaka 1983, na humo anaandika waziwazi kwamba Mungu hakumuumba yeyote ili aishie katika mateso yasiyo na kikomo. Novemba 2024 Papa Fransisko alitangaza kumwingiza kwenye orodha ya watakatifu ya Kanisa la Roma. Hilo halikugeuza fundisho hata herufi moja. Ila ukiambiwa kwamba kuwaonea huruma mashetani ni uzushi, unalo la kujibu.

Wanaoshika upande huu hupenda Wakolosai 1:20, kuvipatanisha vitu vyote, "ikiwa ni vitu vilivyo juu ya nchi, au vilivyo mbinguni". Ni mstari mzito. Mathayo 25:41 nao ni mzito, kwa maana moto wa milele huko umewekwa tayari kwa Ibilisi na malaika zake kwa jina kabisa, na sisi tunaonekana kama wageni wasioalikwa. Ukilinganisha mistari kwa mistari, "huenda ndiyo" inashindwa, na sioni namna ya kulikwepa hilo.

Ukiyaweka pamoja

Kama unachotafuta ni mstari wa kumwonyesha mtu, nenda kwa jibu la pili. Limekaa karibu na Maandiko kuliko mengine, na ukiwa Mtewahedo huna hata pa kukimbilia. Kama kinachokuchoma ni haki, yaani kwa nini Petro na si Lusifa, la Wasabato na la kwanza ndiyo yanayojibu, moja kwa kusema alipewa nafasi nyingi, jingine kwa kusema uchaguzi wake mmoja ulikuwa na uzito wa maisha yetu yote. Kama kinachokuchoma ni mateso yasiyo na mwisho, ni mama mkwe wangu na Gregori wa Nisa wanaoyamaliza, yule kwa majivu, huyu kwa uponyaji. Wakikutana mbinguni watakuwa na mengi ya kuongea.

Kwa anayefanya huduma ya maombezi, uchaguzi huu una kazi ya mikono pia. Kwenye ngoma za pepo za Pwani, pepo hupewa kiti, ubani, kitambaa, hupatanishwa na mgonjwa, mkataba unawekwa. Nimeona maombezi ya Kikristo yanayoteleza kwenda huko huko: pepo anahojiwa nusu saa, analia, anasema mnisamehe nitatoka, na mhubiri anaanza kujadiliana naye. Kwa majibu matatu ya kwanza hayo ni kupoteza muda na kumchosha mgonjwa. Hata kwa la nne, Isaka alilia mbele ya Mungu, hakukaa barazani kupatana nao. Marko 1:25 ina maneno machache: "Fumba kinywa, umtoke."

Mimi nimeshika la kwanza. Nalishika nikijua lina falsafa nyingi kuliko mistari, kwa sababu ndilo pekee linaloniruhusu kusema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Mungu hajapunguza huruma, na kwamba Shetani hatarudi. Henoko hunisumbua bado. Nikifika kwenye yale maji ya Dani huwa nafunga kitabu kidogo. Na la Isaka nimelichukua bila fundisho lake, yaani machozi tu. Sijaona sheria inayoyakataza.

Mwaka huu kabla kijana hajaleta ile hesabu yake, nitawasomesha Luka 8 kwa sauti, wapokezane mistari, kisha nitawauliza wao: walipopewa nafasi ya kuomba, waliomba nini?